Kurudi Maana Yake Kufika na Sufuria

Nimeuza unga wa mahindi sokoni Kolwezi karibu maisha yangu yote, na jambo la kwanza ambalo soko lilinifundisha ni kwamba bei haizungumzwi kabla ya kipimo kuwekwa mezani. Mtu akikuuliza meka moja ni bei gani, usimjibu. Mwambie kwanza akuonyeshe hiyo meka. Maana meka ni kopo tu, na makopo yana tabia zake. Kuna lililobonyea chini likaingia ndani. Kuna ambalo mwenyewe hulijaza huku kidole gumba kikiwa bado humo. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza ni ya kujua, ya pili ni ya kutomwamini aliyehesabu ya kwanza, hata kama aliyehesabu ni mimi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mgodi ulikuwa umeanguka. Kampuni, ambayo ilitupokea hospitalini tukizaliwa na ilitutolea mbao za jeneza tukifa, ilianza kutusahau kidogo kidogo. Ilisahau kwanza posho ya unga. Halafu ikasahau mishahara. Mwishowe hata king'ora cha asubuhi kikanyamaza, tukawa tunaamka kwa majogoo kama watu wa kijijini. Mume wangu alikwenda Likasi kutafuta kazi. Alipata kazi ya kutafuta kazi, akaifanya kwa bidii, na hadi leo nadhani bado anaifanya.

Mimi nilibaki na watoto katika chumba cha kupanga, bati lake likiwa na matundu mengi kuliko chujio. Upande wa pili wa ua aliishi mama mmoja aliyenizidi umri kidogo. Nilimwita yaya, dada mkubwa, naye aliniita mudogo. Mumewe alikuwa fundi umeme wa mgodini. Nyumba yao waliijenga wenyewe, tofali kwa tofali, kwenye parseli, kiwanja, waliyoinunua wakati mshahara ulipokuwa bado mshahara. Juu ya ua ule tulibadilishana vitu miaka mingi, sombe yake, majani ya muhogo, kwa unga wangu, mafuta yake kwa chumvi yangu, na sikumbuki hata siku moja ambayo mmoja wetu alikubali bei ya kwanza. Ilikuwa ndiyo namna yetu ya kusalimiana.

Wazazi wa yaya waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye alizaliwa hapa, kama mimi, katika hospitali ileile. Kasai hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Lakini mwaka ule watu wote wa asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, na ikaonekana kwamba kwao si mahali mtu alipozaliwa wala alipojenga. Vijana walianza kupita barabarani na chaki, wakiandika milango. Mlango ulioandikwa, wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuhama hata kama bado wanakula mezani. Wengine waliuza nyumba kwa baiskeli. Wengine walifunga mlango wakaondoka na ufunguo kwenye pindo la kitenge, kana kwamba wanakwenda kisimani.

Asubuhi moja yaya alikuja kwenye ua mikono mitupu, hana sombe wala mafuta. Akaniambia nivae viatu, twende kwa tata wa mashine.

Tata wa mashine, tata maana yake baba, alikuwa mwandishi aliyekaa nje ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, chini ya kipande cha bati, na mashine yake ya kuchapa juu ya kasha la bia. Njiani yaya alinieleza anachotaka. Hakutaka kuuza. Alitaka kuondoka kwa namna ambayo siku moja ataweza kurudi, na mlango umjue. Mimi niingie nyumbani kwake na watoto wangu, niitunze, kabla chaki haijafika. Watu wangu wanatoka kaskazini ya Katanga. Mlango wangu haungeandikwa. Akirudi, ananikuta, namwachia. Asiporudi kabisa, mpaka ardhi itumeze sisi wawili, nyumba iwe ya watoto wangu. Alisema yote haya akitazama mbele, kama mtu anayeagiza kitu sokoni na hataki muuzaji aone jinsi anavyokihitaji.

Mikataba yote ya wakati ule iliandikwa kwa Kifaransa. Sisi tuliomba Kiswahili, tuweze kuisoma bila kumlipa mtu wa kutusomea. Tata wa mashine alisema hajawahi kuandika mkataba kwa Kiswahili, ila karatasi haitakataa. Kisha akatueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanzoni kila mtu na kila kitu hupewa jina moja. Unaandika jina la mtu na la baba yake na namba ya kitambulisho, halafu unaandika "ambaye hapa chini ataitwa," na jina. Baada ya hapo hakuna kumwita vingine hadi sahihi ya mwisho. Ukimwita muuzaji juu, usimwite mama mwenye nyumba chini, maana hakimu atauliza huyu mama mwenye nyumba ametokea wapi, ni wa tatu? Na kwa kuwa utepe wa mashine ulikuwa umekauka, na mwingine haupatikani mji mzima, kila jina lingefupishwa kuwa herufi mbili.

Nilimwelewa mara moja. Alikuwa anaomba tuweke kopo mezani.

Akauingiza ukurasa, akapiga mstari wa kwanza, halafu akasema kwa sauti anachotaka kupiga: yaya, ambaye hapa chini ataitwa Muuzaji.

"Mi siuzi, tata," yaya alisema. "Muuzaji ni ule mwenye kulala vizuri, anaamuka asubui, anasema leo nitauza. Mi banifukuza."

"Basi niandike nini, mama? Mwenye Kufukuzwa?"

Yaya alisema ndiyo, ni jina zuri, ni la kweli. Tata wa mashine aligeuka akatazama mlango wa komini nyuma yake, ambako askari wawili walikuwa wakicheza dama kwa vifuniko vya chupa.

"Hilo siwezi kulipiga hapa," alisema polepole. "Si kwamba ni uongo."

Nikafikiria jinsi mji wote ulivyokuwa unaandika mkataba wake mwaka ule. Watu hawa, ambao hapa chini wataitwa bilulu, wadudu. Ndivyo walivyowaita barabarani, hata watoto wadogo wa shule. Ukishakubali jina hilo pale juu, yote yanayofuata chini yanaandikika bila shida, maana nani anauliza mdudu kama ana parseli.

Mimi ndiye niliyesema: Mwenye Kwenda. Yaya alilionja mdomoni kama chumvi. Akakubali. Na mimi nikawa Mwenye Kubaki. Tata wa mashine akapiga: MK, na, ili MK zisiwe mbili, MB.

Baada ya hapo tulikuwa tumeonja damu. Nyumba tuliimaliza haraka: vyumba vinne, bati, mlango wa chuma, choo, mti wa avokado, hapa chini yote yataitwa Nyumba. Nilidai mti uandikwe peke yake kwa sababu matunda yake ni bidhaa. Yaya alidai mti usiandikwe kabisa kwa sababu ungekufa akiondoka, na hataki niseme siku moja nilipewa kitu kizima. Tulibishana juu ya mti ule mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutoa maoni. Mzee mmoja alisema tuandike kuwa mti ni wa ndege. Tata wa mashine alituambia mara mbili kwamba maneno hayana bei, kwamba huku hakuna kupunguziwa. Tulimwonea huruma; hakuwa mtu wa sokoni.

Halafu tukafika kwenye neno ambalo ndilo lililotuleta.

"MK akirudi, MB atatoka," alisoma. "Kurudi ni nini?"

Yaya alimwona mjinga. Kurudi ni kurudi. Lakini mimi nilikuwa na watoto na bati lililotoboka nyuma yangu, nikataka kuona kopo. Nikasema mtu anaweza kuja kwa matanga, akalala siku mbili. Anaweza kuja kuuza vitambaa, akapita kusalimia. Je, kila yaya akipiga hodi mimi nibebe magodoro? Hapo siyo kurudi, hapo ni kutembea.

Yaya hakukasirika. Alifikiri kwa uso wake wa biashara, jicho moja limefinywa.

"Mwenye kutembea anakula mu sufuria ya wengine," alisema. "Mwenye kurudi anakuja na sufuria yake."

Ilikuwa kweli tupu. Kwetu mwanamke haendi kulala kwa watu na sufuria kichwani. Akionekana amebeba sufuria, jirani wote wanajua kwamba amehama. Ameolewa, ameachwa, au amejenga. Nikasema nakubali, ila sufuria iwe yake mwenyewe, isiwe ya kuazima kwa mtu wa kona. Yaya akasema bila shaka iwe yake mwenyewe, anachukua ya mtu kwa nini? Tata wa mashine alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba hatutanii, akapiga: *Kurudi maana yake MK kufika mlangoni pa Nyumba na sufuria yake mwenyewe.* Tukatia vidole katika wino. Mimi niliusoma mara mbili. Sikuona kosa lolote.

Familia ya yaya ilikaa stesheni siku nyingi ikingoja treni, pamoja na watu wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mahali pamoja, chini ya maplastiki na makanga, na moshi wa kupikia ukitanda juu yao. Mumewe alishika nafasi karibu na reli na hakusogea, hata akienda haja alimwachia mwanawe mkubwa. Niliwapelekea unga na samaki wakavu. Mchana mmoja nilipofika, mabehewa yalikuwa yamekuja na watu walikuwa wakipandishana kwa madirisha. Yaya alinitafuta kwa macho juu ya vichwa. Alikuwa ameshika sufuria yake kubwa ya arusi, ile ya alumini yenye masikio mawili, aliyopikia misiba na komunyo za mtaa mzima.

"Shika," aliniambia. "Inakamata nafasi ya mutoto moja."

Nikaipokea. Nilimsukuma kwa bega apande. Mkono wake ulibaki nje ya dirisha muda, halafu ukaingia, kwa sababu ndani kulikuwa na mtu aliyehitaji mahali pa mkono.

Nilirudi nyumbani nimeibeba kichwani. Nilikuwa nimekwisha kupita soko ndipo nikasimama katikati ya barabara. Wanawake wawili ambao hawajawahi kukubali bei ya kwanza, tumekaa asubuhi nzima tukipima neno moja hadi likakubali, na sasa kipimo chenyewe nimekibeba mimi. Aliyekwenda hawezi kurudi bila sufuria yake, na sufuria yake inakwenda nyumbani kumsubiri pamoja nami. Nikageuka mbio. Stesheni palikuwa na moshi tu na viatu vilivyopotelewa na wenzao.

Jioni hiyohiyo nilichukua rangi nyeusi nikaandika mlangoni pa Nyumba, ambamo tulikuwa tumekwisha kuhamia, kwa herufi kubwa: MB. Vijana wa chaki walipofika kesho yake waliisoma wakanong'onezana. Mji wetu umelelewa na herufi. Kila gari, kila ghala, kila koleo la Kampuni lilikuwa na herufi zake, na tulijua tangu utotoni kwamba kitu chenye herufi kina mwenyewe na mwenyewe ana walinzi. Waliniuliza MB ni ofisi gani. Niliwaambia ni ofisi ya kubaki. Wakaenda zao. Mpaka leo sijui walielewa nini, na sikuwauliza.

Barua zilikuja kwa mikono ya madereva wa malori. Zilikuwa fupi, na zilianza "MB wangu" na kuishia "MK." Alisema Mwene-Ditu, mji wa Kasai walikoshukia, una joto. Alisema watu wa kule wanamcheka anavyosema Tshiluba kwa sauti ya Kolwezi, na kwamba kule wanamwita Mkatanga. Aliuliza habari za mti. Mimi nilimjibu kwamba mti umezaa kwa ukaidi, na kwamba sufuria yake ipo, nimeitumia, asifikiri nimeiweka kama picha ya mtakatifu. Kuhusu lile kosa la mkataba sikumwandikia kamwe. Niliogopa kwamba akilijua ataacha kufikiria kurudi. Baadaye mumewe alifariki, barua zikapungua, simu zikafika na namba zikapotea.

Watoto wangu walikua wakijua mkataba kama wengine wanavyojua katekisimu. Mwanangu wa kwanza alioa, akaishi na mkewe katika vyumba viwili vya nyuma. Ndiyo miaka ambayo watu wa mtaa wa Kasulo walianza kuchimba chini ya sakafu za nyumba zao wakitafuta kobalti, na kila parseli ya mji ikapata bei mpya kila Jumatatu. Wanunuzi walipita hata kwetu. Niliwaambia mimi ni MB tu, siwezi kuuza, na wao wakadhani ni namna yangu ya kupandisha bei.

Alifika mchana, nikiwa jikoni ya nje na maharage motoni. Mwanangu ndiye aliyekuja kuniambia kuna mama mzee amesimama langoni na hataki kuingia. Nilimuuliza ni nani. Alisita.

"Anasema yeye ni MK," alisema. Kisha akasogea karibu, na sauti yake ikawa ya mtoto tena. "Mama, hana sufuria."

Sikumkasirikia. Alikuwa na mke mjamzito na kitanda alichokinunua mwezi uliopita. Alikuwa anauliza tu atalala wapi. Lakini nilitoka nikamwona, amesimama pale langoni. Alikuwa amekonda. Nywele nyeupe. Begani mfuko mdogo wa kitambaa, ule wa kubebea Biblia na kanga moja. Alikuwa amesimama nje kabisa ya mstari wa lango, kwa uangalifu, kama mtu aliyekatazwa.

Alinisalimia. Akasema amepanda lori hadi Fungurume na lingine mpaka hapa, na kwamba nisishtuke.

"Nimekuja kutembea tu, mudogo. Angalia," alisema, akafunua mikono yake mitupu anionyeshe. "Sina sufuria."

Hakuwa ameisahau karatasi. Alikuja hivyo makusudi, ili nisiogope. Niliuliza anarudi lini Mwene-Ditu. Akasema hajajua. Nikauliza anaishi kwa nani kule. Akatazama mti wa avokado juu ya kichwa changu, akausifu, na kwa miaka ile yote ya kubadilishana vitu naye juu ya ua nilijua maana ya mtu kusifu kitu bila kuuliza bei. Hakuwa na pa kurudi.

Nikamwambia asiondoke hapo. Nikaenda jikoni. Maharage yalikuwa yamechemka nusu, na sikuwa na sufuria nyingine ya kuyamwagia, kwa hiyo nikafunga vitambaa masikioni mwa sufuria ya yaya, nikainua yote kama ilivyo, nikaitoa hadi langoni. Mwanangu alitaka kunisaidia, nikamwambia ajitenge, hili ni jambo la sheria. Nikaitua chini upande wake, nje, kwenye mchanga wa barabara.

Aliitazama. Alumini ilikuwa imekuwa nyeusi, na sikio moja nililikazia kwa rivet, msumari wa chuma, nilipolivunja zamani.

"Ni yangu," alisema.

"Ni yako mwenyewe. Hukuiazima kwa mtu wa kona."

Yaya aliizunguka sufuria mara moja, kama mnunuzi. Halafu akafinya jicho moja, ule uso wake wa biashara, ingawa jicho lenyewe lilikuwa limelowa.

"Nikiingia nayo, wewe utatoka. Ndiyo karatasi. Utaenda wapi na batoto?"

Hilo nilikuwa nimelihesabu mara mbili, miaka mingi, nikikoroga sufuria hiyohiyo. Nilimkumbusha tata wa mashine alivyosema. Mtu akishapewa jina juu, hakuna kumwita vingine hadi sahihi ya mwisho. Mimi pale naitwa Mwenye Kubaki, kila mstari, hata mstari unaosema nitoke. Hakimu akitaka nitoke, kwanza anitafutie jina lingine.

"Ni mwizi wewe," alisema kwa upole.

"Ni wewe ulikubali lile jina."

Akainama, akafunga vizuri vitambaa, akajaribu kuinua. Ilikuwa nzito kwa mikono yake. Nikashika sikio moja, yeye akashika la pili, lile la rivet. Aliuliza kama hivyo inahesabika, maana imeandikwa afike nayo yeye. Nilimwambia nusu yake inatosha, hapa tumepunguziana. Tukavuka mstari wa lango kwa hatua fupi, mchuzi ukiruka ukatuunguza vidole, na mwanangu akatupisha njia.

Tulipoitua jikoni, alifunua kifuniko akachungulia, akaonja kwa ncha ya kijiko.

"Chumvi hakuna," alisema. "Na haya maharage ni ya nani?"

Niliwaza juu yake. Karatasi ilikuwa na Nyumba, na mti, na sufuria, na sisi wawili. Maharage haikuyataja. Tukaanza kubishana.